Habu ya gia 14 kwenye kona za Hamsini na Saba: baiskeli yangu, kifaa kwa kifaa

Mtu wa Matamba haulizi Hamsini na Saba ni nini. Ni ile barabara inayopanda kwetu kutoka Chimala, mkoani Mbeya, na jina lake ni hesabu ya kona zake. Mimi nimezaliwa juu ya kona hizo. Marehemu baba alizishuka na Foniksi yake, gunia la viazi kwenye keria, na kurudi aliikokota kwa mkono kutoka kona ya kwanza hadi ya mwisho. Niliwahi kuhesabu meno ya ile baiskeli: 44 mbele, 18 nyuma. Ukizungusha pedeli mara moja, inasogea karibu mita tano na nusu. Tambarare ya Usangu hiyo ni gia nzuri kabisa. Mlimani hakuna goti litakaloisukuma.

Mwezi wa nane uliopita nilizipanda kona zote bila kukokota. Nilisimama mara nyingi: kunywa maji, kupisha malori ya viazi, kutazama mashamba ya mpunga yanavyozidi kuwa madogo kule chini. Lakini kila niliposimama nilipanda tena siti na kuendelea. Nilikuwa na mizigo ya kilo 22 na umri wa miaka 43.

Baiskeli hiyo haikutoka dukani ikiwa nzima. Nilichagua kila kifaa mwenyewe, nikamkabidhi fundi wa fremu, na mengine nikafunga kwa mikono yangu. Nimeiendesha miaka mitatu na kilomita 11,000 na kidogo. Nyingi ni za huku ninakoishi, Kassel, Ujerumani, ambako nafanya kazi ya uuguzi. Nyingine ni za nyumbani. Nimekuwa nikiulizwa na ndugu wa Dar na Nairobi, na Waswahili wenzangu wa Ulaya, kama gharama ile ilistahili. Baadhi ya vifaa vilistahili kila senti. Viwili au vitatu nisingevirudia. Vyote nimenunua kwa mshahara wangu, mwingi ukiwa wa zamu za usiku.

Nianze na habu, maana ndiyo iliyoamua mengine yote.

Nimefunga Rohloff Speedhub 500/14. Inatengenezwa Fuldatal, nje kidogo ya Kassel. Kutoka kwangu ukifuata mto Fulda unafika kwa baiskeli kabla saa haijaisha. Imekuwa sokoni tangu 1998, na muundo wake wa ndani haujabadilika sana tangu hapo, jambo ambalo kwa msafiri ni sifa kubwa. Gia zote 14 zimo ndani ya habu ya gurudumu la nyuma, zimefungiwa na oili yake. Nje unaona sproketi moja mbele, moja nyuma, na cheni iliyonyooka kama ya Foniksi. Wazee waliowahi kumiliki Raleigh yenye gia tatu za Sturmey-Archer wanaujua mpango huu: gia ya kati inakwenda moja kwa moja, ya chini inapunguza hadi robo tatu, ya juu inaongeza theluthi. Rohloff inafanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo ya gia ndogo zinazoizunguka gia ya katikati, ila imepanga seti kadhaa mfululizo. Kutoka gia moja hadi inayofuata unapanda karibu asilimia 13.6, kila mara hatua ile ile, na upana wote ni asilimia 526. Yaani kwa mzunguko mmoja wa pedeli, gia ya 14 inakupeleka mbali zaidi ya mara tano ya gia ya kwanza.

Upana huo ndio nilioununua. Kabla ya kuamua nilitazama habu nyingine ya gia za ndani, Shimano Alfine: yenye gia 8 ina asilimia 307, yenye gia 11 ina 409. Bei yake iko chini sana ukilinganisha, na kama ningekuwa naishi Unguja au Dar, nikienda kazini na sokoni, ningechukua Alfine ya gia 8 na kubaki na pesa yangu. Mlima ndio unaozitenga. Kwa asilimia 307 lazima uchague: ama upate gia ya kupandia Hamsini na Saba ukose ya kukimbilia tambarare, ama kinyume chake.

Habu peke yake haikupi gia, lakini. Meno ya sproketi zako ndiyo yanayosema gia ya kwanza itakuwa nyepesi kiasi gani, na hapa ndipo nilipotumia jioni nyingi na karatasi na kalamu. Mtengenezaji ameweka mpaka: gawanya meno ya mbele kwa ya nyuma, na kwa mwendeshaji mmoja asiyefika kilo 100 jibu lisishuke chini ya 1.9, vinginevyo unaisukuma habu kwa nguvu isiyoandaliwa. Mimi nina kilo 64. Dukani walinipendekezea 38 kwa 16, ambayo ni 2.375. Nikachukua 36 kwa 17, ambayo ni karibu 2.12. Gia ya kwanza ya Rohloff inazidisha kwa 0.279, na tairi yangu ikizunguka mara moja inakwenda mita 2 na sentimita 6. Zidisha zote: kila mzunguko wa pedeli nasogea mita 1 na sentimita 22. Weka hiyo kando ya mita tano na nusu za baba. Nikizungusha pedeli mara 55 kwa dakika, naenda kilomita 4 kwa saa, sawa na mtu anayetembea, lakini nimekaa na pumzi bado ninayo. Na nikishuka tambarare gia ya 14 inanipa mita 6.4 kwa mzunguko, inatosha kabisa kwa mtu aliyebeba mizigo. Anayelalamika kwamba haipati mwendo akishuka mlima, sielewi anataka kupedeli kwa nini wakati mlima unamsukuma bure.

Ina kasoro, na nazitaja kwa sababu wauzaji huzipitia haraka. Gia 1 hadi 7 zina sauti. Ya 7 inavuma kama cherehani, unaisikia miguuni. Ukiingia ya 8 ghafla kimya. Nilikereka miezi miwili ya kwanza, kisha nikazoea, na siku hizi sauti ile inaniambia niko gia gani bila kutazama. Kubwa zaidi ni kati ya 7 na 8. Pale ndani panapobadilika seti nzima, na ukibadilisha huku unakandamiza pedeli, habu inaweza kukurukia gia ya 14 kwa sekunde moja. Ukiwa mlimani, sekunde hiyo ni kama mtu amekushika gurudumu. Dawa yake ni kulegeza mguu kidogo unapopita hapo. Nimejifunza kushuka hadi 6 kabla kona haijaanza.

Kishikio cha kubadilishia gia ni cha kuzungusha kwa mkono wa kulia, nacho kinataka usukani ulionyooka. Kiganja kikiwa na jasho au mvua kinateleza. Tukuyu, ambako mvua haina msimu wa kuaga, nilikivalisha kipande cha tyubu ya pikipiki na tatizo likaisha. Kwa kifaa cha bei hii, tyubu ya pikipiki isingepaswa kuhitajika.

Lakini kitu kilichonifanya niipende ni hiki: hatua za gia ziko ndani ya habu yenyewe, si kwenye kishikio. Waya mbili za gia kazi yake ni kuvuta tu, huku na huku. Zikilegea kidogo, gia bado zinaingia sawasawa. Na zikikatika, unafungua kisanduku kidogo cha waya pembeni ya habu, unakuta kichwa cha pembe sita, unakigeuza kwa spana namba 8 hadi gia unayoitaka, na unaendelea na safari. Nilimwonyesha hilo fundi mmoja Chimala. Alikuwa ameiangalia habu kwa mashaka tangu nifike, akinisikiliza kwa adabu tu. Nilipompa spana akageuza mwenyewe, akazungusha pedeli, gurudumu likabadilisha mwendo, akanyamaza kidogo kisha akasema, "Dada, kumbe huyu aliyeitengeneza alifikiria na sisi."

Utunzaji wake ni kubadilisha oili kila kilomita 5,000 au mara moja kwa mwaka, kitakachotangulia. Unafungua skrubu moja ndogo, unaingiza oili ya kusafishia, unaendesha karibu kilomita moja ukibadilisha kati ya gia 3 na 5, unaimwaga, unaingiza mpya. Nimefanya mwenyewe mara tatu mezani jikoni. Habu hutoa jasho la oili kidogo, hasa baada ya ndege kuilaza ubavu. Nilishtuka mara ya kwanza, sasa naifuta na kitambaa basi.

Bei ni zaidi ya yuro 1,000 kwa habu peke yake, kabla hujanunua hata spoku moja. Nyumbani hiyo ni pesa inayokaribia pikipiki. Sitamwambia mtu kwamba ni kidogo. Nitasema tu kwamba baada ya kilomita 11,000 nimebadilisha cheni mbili na oili, na ndani ya habu hakuna mkono wa mtu uliogusa.

Sasa gurudumu lililoizunguka habu hiyo, ambalo ndilo lililoniumiza.

Duka lililonifungia gurudumu la nyuma, silitaji, lilikuwa na sifa nzuri na fundi wake alikuwa mpole. Nikaondoka na furaha. Kilomita 900 baadaye, nikifuata mto Weser chini ya Hann. Münden, nikasikia mlio wa "tang" na gurudumu likaanza kuyumba. Spoku imekatika. Wiki iliyofuata ikakatika nyingine. Zote zilikatikia mahali pamoja: si kwenye kichwa karibu na habu, bali upande wa ringi, pale inapoingia kwenye nati yake. Hapo ndipo nilipoketi kusoma kilichopaswa kufanywa. Habu ya Rohloff ni nene, na spoku zake ni fupi. Kwenye gurudumu la inchi 26 zinaifikia ringi kwa kukaa upande, hazinyooki kama za habu ya kawaida. Kwa hiyo ringi inatakiwa iwe na matundu yaliyotobolewa kwa mshazari kuelekea habu. Mimi nilifungiwa ringi ya matundu yaliyonyooka. Nati zinabaki zimetazama mbele, spoku inalazimika kupinda shingoni, na kila mzunguko wa gurudumu unaipinda na kuinyoosha mpaka ichoke.

Nilirudi dukani, wakaniambia labda nabeba mizigo mingi. Nilikuwa nimebeba kilo 12. Sikubishana sana. Nilinunua ringi ya Ryde Andra, inayotobolewa kwa mshazari huo, yenye matundu 36, nikanunua spoku mpya zilizo nyembamba katikati kuliko ncha zake, na gurudumu nikalifunga upya mwenyewe kwa siku mbili za mapumziko, nikinyoosha usiku kwa kusikiliza sauti ya kila spoku kama mtu anayepanga nyuzi za gitaa. Tangu siku hiyo hakuna iliyokatika, na hizo kilomita ni pamoja na Hamsini na Saba kupanda na kushuka. Kama utachukua neno moja tu kwenye haya yote, liwe hili: kabla ya kulipa, muulize anayekufungia gurudumu la Rohloff matundu ya ringi yametobolewaje. Asipoelewa swali, tafuta mwingine.

Nakiri pia kwamba hapa kuna mpinzani anayeishinda. Pinion, nao Wajerumani, wameweka gia kwenye sanduku katikati ya fremu, pale zinapokaa pedeli. Toleo lao la gia 18 linafika asilimia 636, na gurudumu la nyuma linabaki jepesi na la kawaida. Nililifikiria. Lakini linahitaji fremu iliyotengenezwa kwa ajili yake peke yake, na likigoma, fremu yako haipokei kitu kingine. Rohloff ikinishinda njiani, naweza kufunga gurudumu lolote la inchi 26 lenye sproketi moja nikaenda nalo nyumbani kama Foniksi. Wazo hilo linanipa usingizi.

Na kwa nini inchi 26? Huku Ujerumani kila mtu alinishangaa, maana wao siku hizi wanaendesha 28. Kwao 28 maana yake ni ringi ya milimita 622. Nenda duka la spea Mbeya, Iringa au popote pale kwetu, sema "nipe tairi ya ishirini na nane", utapewa tairi ya Foniksi, ambayo ringi yake ni milimita 635. Namba ni moja, tairi si moja. Tofauti ya milimita 13 inatosha kukulaza njiani. Ringi ya 26 ya baiskeli za mlimani ni 559, na tairi zake nimezikuta hata kwenye duka la vijijini lililokuwa linauza pia misumari na sukari. Hazina ubora wa Schwalbe Marathon ninazotumia, ambazo zimenipa pancha mbili tu kwa miaka mitatu, lakini zinaingia. Tyubu zinaingia. Kiraka na solusheni ni vile vile.

Kwenye cheni nilibishana na watu wengi. Wapenzi wa habu za ndani siku hizi wanasifia mkanda wa Gates: hauna grisi, hauna kelele, unadumu. Ni kweli, nimeuendesha wa rafiki yangu na ni mtamu. Lakini mkanda haufunguki wala hauungiki. Fremu lazima iwe na mahali pa kufunguka ili uupitishe, urefu wake ni mmoja tu unaokufaa, na ukikatika Matamba, unasubiri kifurushi kutoka Ulaya. Nikabaki na cheni. Sproketi ya Rohloff inakubali cheni nene ile ile ya Foniksi, na nilijaribu kwa makusudi: nikiwa nyumbani nilitoa cheni yangu, nikafunga ya dukani Chimala, nikaendesha nayo wiki nzima. Ilikuwa na kelele zaidi kidogo, hakuna kingine. Sproketi ya nyuma ikichakaa meno upande mmoja unaigeuza upande wa pili. Cheni hukazwa kwa kusogeza vipande vya fremu vinavyoshika ekseli, bolti mbili kila upande; hakuna springi wala kikazio cha kuning'inia kinachokusanya matope.

Fremu ni ya chuma, neli za kromoli. Sababu ya kuchagua chuma anaijua kila aliyewahi kuona keria ikichomelewa pembeni mwa barabara. Aluminiamu inataka mtaalamu na mashine yake. Chuma kinamtaka mchomeleaji na umeme usikatike. Nilimwomba fundi wa fremu jambo moja la lazima: sehemu inayoshika ekseli ya nyuma iwe na mkato wa kuizuia habu isijizungushe. Kwenye gia za chini habu inaongeza nguvu sana, na ekseli hutaka kugeuka ndani ya fremu. Bila mkato huo unafunga chuma kirefu cha kuzuia pembeni, ambacho ni kibaya kwa sura na kinakuchelewesha ukitoa gurudumu.

Breki ndipo ambapo sina uhakika kama nilichagua vizuri. Nilichukua breki za kubana ringi, za waya, kwa sababu raba zake ziko kila mahali, na kwa sababu sahani ya breki ya Rohloff ina matundu manne ya mpangilio wake yenyewe. Ukiipinda safarini huipati kwa jirani. Hoja hiyo bado ni nzuri. Lakini kushuka Hamsini na Saba na mizigo, ringi zilipata moto hadi nikasimama kila baada ya kona saba au nane nikazimwagia kivuli tu, maana maji niliogopa. Vumbi lile linasugua ringi kama msasa. Mfereji wa kuonyesha uchakavu kwenye ringi ya mbele umeanza kupotea. Kama ningekuwa naanza leo, ningeweka breki ya sahani ya waya mbele, ambako sahani ni za kawaida, na kubaki na ya kubana ringi nyuma.

Habu ya mbele ni dainamo ya SON 28, ya Wilhelm Schmidt wa Tübingen: volti 6, wati 3. Wanaokumbuka dainamo ya chupa iliyokuwa inajisugua kwenye tairi watakumbuka jinsi baiskeli ilivyokuwa nzito usiku. Baba alikuwa anaizima kila akipanda. Hii huisikii. Mchana inachaji simu kupitia kifaa kidogo kwenye usukani, ila kwa mwendo wa tambarare tu. Kwenye gia ya kwanza, kilomita 4 kwa saa, haichaji chochote na taa inapepesa, kwa hiyo anayepanga kutembea milimani siku tatu abebe pawabenki. Mimi nilijua, lakini siku ya pili Kitulo, kwenye mita 2,600 na baridi inayomaliza betri, bado nilijikuta sina simu.

Keria ni Tubus Cargo, ya neli za chuma, inayobeba kilo 40. Mjomba wangu aliitazama kwa dharau, maana neli zake ni nyembamba kuliko kidole. Akataka tuijaribu kwa lumbesa. Nilimwomba radhi, nikamweleza kwamba lumbesa ya viazi ni zaidi ya kilo 100, tukakubaliana debe mbili. Tulikwenda nazo hadi kwa shangazi na kurudi, njia ya matope, na keria haikuyumba. Mjomba akasema, "Basi iache hivyo hivyo, mwanangu, usiiongezee vyuma." Kwa kumjua, hiyo ni sifa kubwa.

Siti ni Brooks B17 ya ngozi. Kilomita 600 za kwanza iliniumiza, sasa sikubali nyingine. Inachukia mvua, funika na mfuko wa plastiki kila unaposimama.

Mwezi wa saba narudi, safari hii kupitia Kitulo hadi Makete na kuteremkia Njombe. Sproketi ya mbele nabadilisha iwe ya meno 34. 34 kwa 17 ni 2.0, bado iko juu ya mpaka, na itanishusha hadi mita 1 na sentimita 15 kwa mzunguko. Breki ya mbele ya sahani imeshaagizwa pamoja na foku yake. Spoku za Foniksi ni ndefu mno kwa habu hii, kwa hiyo kumi za akiba, milimita 238, niliziacha kwa yule fundi wa Chimala. Amezitia kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya rafu, na ubavuni ameandika kwa kalamu ya wino mzito: za dada wa Matamba.